Indonesia: Waislamu asilimia 87, lakini sikukuu zao ni 6 tu kati ya 17. Tujadili

Nahodha Mstaafu:
Wakuu, heshima kwenu.

Kuna dhana imezoeleka kwamba nchi ikiwa na Waislamu wengi basi kalenda yake ni Idi mbili, Maulidi, siku ya uhuru, mchezo umekwisha. Leo naomba tuiangalie Indonesia, nchi yenye Waislamu zaidi ya milioni 230.

Chukueni kalenda ya mwaka 2025. Siku za mapumziko za kitaifa zilikuwa 17. Za Kiislamu: Miraji, siku mbili za Idi ya Mfunguo Mosi, Idi ya kuchinja, Mwaka Mpya wa Kiislamu na Maulidi. Hizo ni 6. Za Kikristo ni 4: Ijumaa Kuu, Pasaka, Kupaa kwa Bwana na Krismasi. Wahindu wana Nyepi, Mabudha wana Waisak, Wakonfusio wana Imlek, yaani Mwaka Mpya wa Kichina. Zinazobaki 4 ni za wote: Januari mosi, Mei mosi, Juni mosi ya Pancasila, yaani misingi ya dola yao, na Agosti 17 ya uhuru.

Hesabuni vizuri. Wakristo ni kama mtu mmoja katika kila kumi, wana siku 4. Mabudha hawafiki hata asilimia moja, wana siku yao, na siku hiyo benki ya Jakarta inafungwa na shule ya Aceh, mkoa wenye sharia, inafungwa.

Juu ya hizo 17 kuna kitu kinaitwa cuti bersama, likizo ya pamoja. Serikali inatangaza kwamba siku fulani zilizo jirani na sikukuu nazo watu wapumzike. Kwenye tangazo la awali la mwaka 2025 zilikuwa 10. Tangazo lote linatoka mwaka kabla, kwa waraka mmoja wenye saini za mawaziri watatu: wa Dini, wa Kazi, na wa Utumishi wa Umma. Likishatoka, wachapaji wa kalenda wanapaka tarehe hizo rangi nyekundu, na nchi nzima inaanza kupiga hesabu za safari.

Hoja yangu ni moja: kalenda ile haikupangwa kwa kuhesabu vichwa. Ilipatikana kwa mapatano ya kisiasa, na ukitaka kuielewa usianze msikitini, anza na mwaka 1945.

Karibuni.

Kijana wa Daku:
Nimekaa mbele kabisa. Wajuzi shusheni nondo.

Bint Mwalimu:
Kaka Nahodha, umetuacha njia panda. Huo mwaka 1945 una nini? Maana kama wengi ni Waislamu, walishindwaje kuandika sikukuu zao kwanza na wengine wakafuata?

Nahodha Mstaafu:
Dada Bint Mwalimu, swali zuri.

Soekarno, aliyekuja kuwa rais wa kwanza, na mwenzake Hatta walitangaza uhuru Agosti 17, 1945, saa nne asubuhi, nyumbani kwa Soekarno mtaa wa Pegangsaan Timur, Jakarta. Ilikuwa Ijumaa, na ilikuwa Ramadhani, mwezi 9. Yaani wengi wa waliosimama pale uani walikuwa wamefunga.

Sasa, miezi miwili nyuma kamati ilikuwa imeshaandika utangulizi wa katiba, ule unaojulikana kama Mkataba wa Jakarta. Ndani yake mlikuwa na maneno saba ya Kiindonesia yaliyowataka Waislamu wafuate sharia. Siku moja baada ya uhuru, Agosti 18, maneno yale yakaondolewa. Ilielezwa kwamba Wakristo wa visiwa vya mashariki wasingekubali kuingia kwenye dola yenye maneno hayo. Viongozi wa Kiislamu walikubali kwa shingo upande, na mpaka leo wapo wanaolalamika kwamba walichezewa.

Badala yake ikabaki Pancasila, misingi mitano, wa kwanza ukiwa kumwamini Mungu mmoja bila kutaja ni wa dini gani. Hapo ndipo kalenda ilipozaliwa. Dola ikishasema dini zinazotambuliwa ni kadhaa, haiwezi kumpa mmoja siku ikamnyima mwingine. Kwa hiyo Wahindu na Mabudha walipodai, mwaka 1983 Nyepi na Waisak zikaingia.

Juni mosi yenyewe, siku Soekarno alipoihutubia kamati kuhusu Pancasila, ilingoja sana. Imekuwa siku ya mapumziko kuanzia 2017 tu. Kwa nini? Suharto, rais aliyemfuata, hakutaka jina la Soekarno ling'ae. Kalenda hizi ukizisoma vizuri utaona nani alikuwa ikulu.

Kalamu Nyekundu:
Mleta uzi umesahau utamu wenyewe: Imlek.

Mwaka 1967 Suharto alitoa agizo kwamba dini na mila za Kichina zifanyike ndani ya nyumba, zisionekane hadharani. Mwaka Mpya wao ukawa wa kufunga mlango. Zaidi ya miaka 30 hivyo, wakati mwaka 1946 serikali changa ya uhuru ilikuwa imeshazitambua sikukuu za Wachina. Aliyefuta agizo lile, mwaka 2000, ni rais Abdurrahman Wahid, wanayemwita Gus Dur. Na Gus Dur alikuwa nani kabla ya urais? Mwenyekiti wa Nahdlatul Ulama (NU), jumuiya kubwa kabisa ya Waislamu nchini, mjukuu wa mwasisi wake. Mtu wa madrasa damdam. Megawati, rais aliyemfuata, akamalizia: kuanzia 2003 Imlek ni tarehe nyekundu kwa kila mtu.

Mei mosi nayo kisa chake hichohicho. Chini ya Suharto kuandamana Mei mosi kulikuwa kama kujiita mkomunisti. Imerudi kuwa mapumziko mwaka 2014.

Mkweli Daima:
Mnaipamba mno. Tarehe nyekundu ni rahisi kutoa, uhuru wa kuabudu ni mgumu. Kanuni ya mawaziri ya mwaka 2006 inasema ukitaka kujenga nyumba ya ibada ulete majina ya waumini 90 na wakazi 60 wa eneo hilo wanaokuunga mkono. Kuna waumini wanasherehekea Krismasi kwenye siku iliyotangazwa na rais, lakini jengo la kusalia hawana kwa sababu majirani 60 hawakupatikana.

Halafu dini zinazotambuliwa ni sita. Wenye imani za jadi, ambao ni wenyeji kuliko sisi sote, hawana siku hata moja. Mahakama ya Katiba iliwaruhusu mwaka 2017 kuandika imani yao kwenye kitambulisho, basi, huko kwenye kalenda hawajafika. Waahmadiyya je? Washia? Msituuzie maua.

Nahodha Mstaafu:
Mkweli Daima, hapo sikupingi. Mapatano yale yaliwahusu waliokuwa na nguvu ya kukaa mezani. Asiyekuwepo hakuandikwa.

Niongeze kidogo tu kuhusu wa jadi. Kwa Wajava, Muharram mosi ni Sura mosi pia, kwa sababu Sultan Agung wa Mataram aliifunga kalenda ya Kijava na ya Kiislamu mwaka 1633. Kwa hiyo siku ile serikali inasema ni Mwaka Mpya wa Kiislamu, na mzee wa kijijini anaosha kris, jambia lake la urithi, na kukesha kwa mila zake. Siku moja, wenyewe wawili.

Hamu ya Tende:
Mnazunguka. Tuambieni la mwezi! Nasikia hata wao Idi huwa mbili.

Kalamu Nyekundu:
Hilo niachieni, nilikuwepo.

Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi Yogyakarta, nimepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima. Kalenda zote za ukutani zilionyesha Idi ni Jumanne Agosti 30. Jumatatu mchana mama ameshasuka vifuko vya makuti machanga, ameshachemsha ketupat, yaani wali ndani ya vifuko hivyo, sufuria ya opor, yaani kuku wa tui la nazi, iko jikoni inanukia mpaka barabarani. Jioni tumekaa kwenye runinga tunatazama sidang isbat, kikao cha Wizara ya Dini cha kuthibitisha mwezi mwandamo. Ripoti zinaingia kutoka vituo vya Aceh mpaka Papua: haujaonekana, haujaonekana. Watu wa Cakung na Jepara wakasema sisi tumeuona. Wataalamu wakakataa, kwamba kwa hesabu za falaki mwezi ulikuwa chini mno, chini ya nyuzi 2, hauwezi kuonekana kwa jicho. Waziri akatangaza Idi ni Jumatano.

Mama alizima runinga bila kusema neno, akaenda kupasha moto opor isiharibike.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu wa Nahdlatul Ulama, kwa hiyo tulifunga siku moja zaidi, daku yetu ikawa vyakula vya Idi. Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa wa Muhammadiyah, jumuiya nyingine kubwa ya Waislamu. Wao wanafuata hesabu, hawangoji jicho, na walishatangaza Jumanne miezi kadhaa nyuma. Asubuhi ile wao wanaelekea uwanjani kuswali na kanzu mpya, sisi tumefunga. Mchana mtoto wao akaletwa na sahani imefunikwa kitambaa. Mama akaipokea, akaiweka juu ya kabati mpaka magharibi. Hapakuwa na neno baya. Ugomvi niliusoma magazetini tu.

Likajirudia 2023: Muhammadiyah Ijumaa Aprili 21, serikali Jumamosi 22.

Hamu ya Tende:
Aisee. Sasa kwa nini serikali isiamue moja, wote wafuate? Si ina mawaziri watatu na mihuri?

Kalamu Nyekundu:
Kwa sababu serikali inaamua siku ya mapumziko, haiwezi kuamua swala ya mtu. Muhammadiyah ilianzishwa 1912, NU 1926, zote ni kongwe kuliko dola yenyewe. Zina shule zao, hospitali zao, vyuo vyao. Waziri gani atakwenda kuwafungia uwanja?

Walichofanya ni kubana kigezo. Tangu 2022 serikali, pamoja na Malaysia, Brunei na Singapore, inataka mwezi uwe juu nyuzi 3 na uwe mbali na jua kwa nyuzi 6.4. Zamani ilitosha nyuzi 2. Mie kwa maoni yangu hiki kigezo kipya kiliongeza nafasi ya kutofautiana, maana Muhammadiyah mpaka 2025 walihitaji mwezi uwe juu ya upeo wa macho tu, hata nusu nyuzi.

Bahati nzuri sikukuu ile ina siku mbili kwenye kalenda. Ukikosa ya kwanza unaikuta ya pili.

Mhasibu wa Zamu:
Mmeongea dini mpaka basi, hebu tuongee pesa, kwa sababu mfanyakazi wa Indonesia ukimuuliza sikukuu atakuambia THR kabla hajakuambia mwezi.

THR ni posho ya sikukuu. Ilianza mwaka 1951 chini ya Waziri Mkuu Soekiman, ikapewa watumishi wa umma. Wafanyakazi wa viwandani wakaja juu: na sisi je, hatuna Idi? Wakagoma na kudai mpaka ikawa haki ya wote. Kanuni ya sasa ya mwaka 2016 iko wazi: umefanya kazi miezi 12, unapata mshahara wa mwezi mzima. Umefanya kuanzia mwezi mmoja, unapata kwa uwiano. Ilipwe siku 7 kabla ya sikukuu, na mwajiri akichelewa anatozwa faini ya asilimia 5. Kila mtu kwa sikukuu ya dini yake, kisheria. Kiutendaji kampuni nyingi zinalipa wote kwa mkupuo kabla ya Idi, Mkristo na Mhindu humohumo.

Madereva wa bodaboda za mtandaoni walikuwa nje ya mfumo huo kwa sababu wanaitwa washirika, si waajiriwa. Mwaka 2025 serikali ikazitaka kampuni hizo ziwape na wao bonasi ya Idi. Fujo ya nani anastahili na nani hastahili sitaki hata kuianza hapa.

Sasa ile likizo ya pamoja anayoisifia Nahodha. Mtumishi wa umma akipumzika siku hizo, likizo yake ya mwaka haiguswi. Mfanyakazi wa kampuni binafsi zinakatwa kwenye siku zake 12 za mwaka! Mwaka wenye siku 10 za pamoja, na bosi wako akizifuata zote, umebaki na siku 2 za kuuguzia mtoto. Kwa kampuni binafsi ni hiari, lakini hiari ya nani? Ya bosi. Bosi akiona oda zimepungua anaikumbuka likizo ya pamoja, oda zikijaa anaisahau.

Kwa hiyo mkisema ugomvi wa sikukuu kule ni wa Muislamu na asiye Muislamu, mimi nasema hapana. Ni wa mwenye ajira ya serikali na asiye nayo.

Bint Mwalimu:
Hilo la kukatwa sikulijua kabisa. Kumbe "serikali imetoa siku 10" ni serikali kutoa cha mwenzio.

Fundi Mitambo:
Na zile siku zinazobanwa katikati? Sikukuu ikiangukia Jumanne, Jumatatu nani anaenda kazini?

Mhasibu wa Zamu:
Wana jina lake kabisa, harpitnas, siku iliyobanwa kitaifa. Mwaka 2021 wakati wa korona serikali iliogopa watu kusafiri, ikasogeza mapumziko: Mwaka Mpya wa Kiislamu ukatoka Jumanne Agosti 10 kwenda Jumatano 11, Maulidi yakatoka Jumanne Oktoba 19 kwenda Jumatano 20. Muharram mosi yenyewe haikuhama, ni kupumzika ndiko kulikohama. Wapo waliokasirika na wapo waliocheka.

Msafiri wa Visiwa:
Naona hakuna aliyegusia Nyepi ipasavyo. Nimewahi kuipitia Denpasar, kisiwani Bali, ambako wengi ni Wahindu.

Usiku wa kuamkia ni kelele tupu: masanamu makubwa ya mashetani, ogoh-ogoh, yanabebwa mabegani na vijana, ngoma, moto. Saa kumi na mbili asubuhi kila kitu kinazimwa kwa saa 24. Hakuna moto, hakuna kazi, hakuna kutoka, hakuna starehe. Uwanja wa ndege wa kimataifa unafungwa siku nzima, na tangu 2018 intaneti ya simu inazimwa. Mgeni wa hoteli anabaki ndani ya hoteli, mapazia yamefungwa. Barabarani wapo pecalang tu, walinzi wa kijiji na vitambaa vyao vya mirabaraba meusi na meupe, wanapita wanachungulia nani amewasha taa. Gari la wagonjwa linaruhusiwa. Saa mbili usiku niliinua kichwa uani, nyota zimejaa kama mchanga, mji wenye watu laki kadhaa uko giza.

Mwaka 2023 Nyepi ilikuwa Machi 22 na usiku uleule ndio ulikuwa wa tarawehe ya kwanza. Waislamu wa Bali waliswali nyumbani au wakaenda kwa miguu msikiti wa jirani bila vipaza sauti. Hapo Muislamu ndiye mchache, na ndiye aliyepunguza sauti. Mkitaka kujua kama mapatano ya Nahodha yanafanya kazi, msiangalie Jakarta tu.

Bali wana Galungan pia, inazunguka kila siku 210. Hiyo ni mapumziko ya mkoa, gavana ndiye anayetangaza.

Mkweli Daima:
Hiyo ya Bali nakubali. Halafu hata majina yamebadilika: mwaka 2024 rais alisaini kwamba sikukuu za Kikristo zisiandikwe tena Isa Almasih, ziandikwe Yesus Kristus, kwa kuwa Wakristo wenyewe ndivyo wanavyosema. Tone la maji, lakini ni maji.

Kijana wa Daku:
Na Agosti 17? Mbona mmeiruka?

Nahodha Mstaafu:
Hiyo haina ubishi, ndiyo maana tumeiruka. Kila mtaa una mashindano ya kula krupuk, kitafunio kikavu cha kukaanga, iliyoning'inizwa kwa kamba, mikono nyuma. Na ule mti wa mpopoo uliopakwa grisi, zawadi zimefungwa juu: baiskeli, ndoo, jiko. Vijana wanapandiana mabegani, wanateleza, wanaanza tena. Siku hiyo huwezi kujua nani ameswali wapi.

Mfanyabiashara Mdogo:
Samahani nawaharibia mada, nina swali la kimaslahi. Nimeagiza samani za kuchonga kutoka Jepara, fundi anasema ataanza "baada ya Lebaran". Hiyo ni lini hasa? Nimlipe kabla au baada?

Nahodha Mstaafu:
Lebaran ndiyo Idi ya Mfunguo Mosi. Usitegemee lolote kuanzia wiki moja kabla. Kila mtu anarudi kijijini, wanaita mudik. Mwaka 2024 Wizara ya Usafirishaji ilikadiria watu milioni 193.6 wangesafiri. Polisi wanageuza barabara ya kulipia yote iwe ya upande mmoja, na kivuko cha Merak kwenda Sumatra foleni yake ni ya kulala. Mwaka 2016 kwenye njia ya kutokea Brebes watu walikwama mpaka taarifa za vifo zikasikika. Malori makubwa yanazuiwa barabara kuu kipindi hicho, kwa hiyo hata samani zikiwa tayari hazitafika bandarini.

Mwaka 2025 watumishi wa umma walikaa nyumbani mfululizo kuanzia Machi 28 mpaka Aprili 7, Nyepi, Idi na likizo ya pamoja zikiwa zimeungana. Forodha na benki zingatia hilo.

Malipo, mpe kiasi kabla. Naye ana mafundi wanaosubiri THR.

Kalamu Nyekundu:
Nimrekebishie ratiba, Jepara naijua. Msihesabu siku mbili za kalenda. Kule wana Lebaran ya pili, ya ketupat, siku ya nane ya Mfunguo Mosi. Wavuvi wanapeleka kichwa cha nyati baharini kwa mashua na mji wote uko ufukweni. Karakana zinarudi kufungua baada ya hapo, na wiki ya kwanza ni ya kupeana mikono na kuombana radhi. Weka wiki mbili na nusu kutoka Idi, halafu mpigie.

Mfanyabiashara Mdogo:
Asante sana wakuu. Na Idi yenyewe ni ya Muhammadiyah au ya serikali?

Kalamu Nyekundu:
Muulize fundi anaswali wapi.